Taka za Kuazima

Mwaka ule ambao sabuni ilikuwa inasikika redioni tu, Mwalimu Dionis aliwaagiza watoto wa darasa la pili walete shuleni taka za nyumbani kwao.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa Lusu, huko Nzega, mwembamba, mwenye bidii ya kuchosha wenzake. Alikuwa ametoka semina Morogoro, na huko semina walikuwa wameambiwa kwamba taifa linalojitegemea halitupi kitu bila kukitazama mara mbili. Kopo ni taa. Gunia ni mkeka. Ganda la ndizi ni mbolea. Alirudi Tabora na somo hilo bado la moto, akalipa jina, "Taka Zetu, Mali Yetu", akalipangia wiki nzima. Watoto walete taka, wazitenge mafungu, bati huku, karatasi kule, vya kuoza pale. Kisha Jumamosi wazazi na viongozi waje kwenye maonyesho, na kila mtoto asimame mbele ya fungu lake aeleze kila kitu kimetoka wapi kwao na kitatumikaje tena. Lilikuwa somo zuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mwaka ule mtaa mzima wa Kanyenye haukuwa na taka.

Khole, mmoja wa watoto hao, alimkuta mama yake, Nunu, uani, anasugua sufuria kwa majivu.

"Shikamoo mama. Kesho nipeleke taka."

"Marahaba. Taka gani?"

"Za kwetu. Mwalimu kasema asiyeleta atasimama mbele mpaka kipindi kiishe."

Nunu aliitazama nyumba yake kama mtu anayetafuta ufunguo. Kopo la pekee walilowahi kuwa nalo lilikuwa koroboi, na usiku ndilo lililowaonyesha sahani. Gunia la unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, lilikuwa gaguro alilolivaa Khole mwenyewe ndani ya sare. Magunzi yalikuwa kuni. Maganda ya mihogo yalikwenda kwa mbuzi wa jirani, na kigae cha mtungi uliovunjika kilikuwa cha kuchukulia moto kwa jirani huyohuyo. Kandambili iliyokatika ilikuwa imekatwakatwa ikawa bawaba za banda la kuku, ingawa kuku walishaliwa. Yalibaki majivu, nayo yalikuwa mkononi mwake, yanafanya kazi.

"Mwambie mwalimu zako atazipata wiki ijayo," akasema.

Khole alikuwa na miaka minane na hakuwa mtoto wa kulia ovyo, lakini kidevu kilikuwa kimeanza kucheza.

Ghalibu, baba yake, aliporudi kutoka kazini alivua viatu mlangoni akavikung'uta nje, kama alivyofanya siku zote. Alikuwa karani wa duka la ushirika, yeye ndiye aliyepima sukari siku ambayo sukari ilikuja, na alikuwa na woga wa kuingia nyumbani na hata chembe moja kwenye soli. Magunia matupu aliyarudisha yote. Uzi wa kushonea magunia aliurudisha. Wenzake walimwita Shehe Mizani. Alijua vizuri jinsi watu wanavyomtazama: Mwarabu, tena dukani, tena mjukuu wa Humaidi. Huyo Humaidi ndiye aliyekuwa akipeleka nta na asali pwani enzi za misafara, akajenga nyumba hii yenye mlango wa nakshi, na mpaka leo mtaani waliapa kwamba chini ya sakafu amezika pembe za ndovu. Laiti wangejua kwamba chumba cha nyuma kilikuwa hakina paa tangu masika mawili yaliyopita.

Nunu akamweleza habari ya taka. Alidhani atacheka.

"Mjukuu wa Humaidi asimame mbele ya darasa," Ghalibu akasema polepole, "aonekane kwao hakuna hata cha kutupa?"

"Na kweli hakuna, Baba Khole. Si aibu. Nani anacho?"

"Wao hawana, lakini hakuna anayewatazama. Tafuta, Nunu. Sikwambii utafute lulu. Taka tu."

Hayo ndiyo yalikuwa maradhi ya Ghalibu, na mkewe aliyajua kuliko alivyojua namba ya viatu vyake. Alikuwa radhi adhaniwe tajiri na kuchukiwa kuliko kujulikana maskini na kuhurumiwa. Nunu akajitanda buibui lake lililopauka akaenda kwenye shimo la taka la mtaa. Akawakuta huko wanawake wawili wameinama, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba amepotelewa na sindano. Naye akasema amepotelewa na sindano. Wakatafuta pamoja kwa muda, majivu matupu, wakaagana kwa adabu.

*

Kanyenye watu waliazimana kila kitu. Waliazimana kinu, mwiko, chumvi, kaa la moto, hata mtoto wa kutumwa dukani. Kwa hiyo njiani Nunu alijiambia kwamba anachokwenda kufanya si kigeni, ni jambo lilelile lenye jina jingine. Hata hivyo alizunguka nyumba ya mwenyekiti mara mbili kabla ya kupiga hodi.

Tatu, mke wa Masolwa mwenyekiti wa tawi la chama, alikuwa mwanamke mnene mwenye moyo mkunjufu na mdomo usiopumzika. Sufuria zake kubwa ndizo zilizopikia harusi na matanga yote ya mtaa. Na kwa kuwa vyombo vya shughuli hupotea vikichanganyika, yeye, kama wanawake wengine, alivitia alama: mstari mmoja wa rangi ya kucha, mwekundu, chini ya kitako. Wengine walitumia rangi ya milango au msumari. Rangi ya kucha alikuwa nayo Tatu peke yake. Hakukuwa na mwanamke Kanyenye ambaye hajawahi kuosha sufuria yenye mstari ule na kuirudisha kwake.

"Karibu Mama Khole. Leo kinu?"

"Leo si kinu."

"Sufuria basi. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mama Tatu. Nimekuja kuazima taka."

Tatu alicheka mpaka khanga ikamwanguka. Akacheka akikaa, akacheka akiinuka. Nunu alisimama palepale akitabasamu, na masikio yake yalikuwa ya moto. Alipomaliza kueleza habari ya shule, Tatu alikuwa amekwisha kuona upande mwingine wa jambo lenyewe, kwamba kati ya wanawake wote wa mtaa ni yeye tu mwenye taka za kuazimwa, na hilo likamfurahisha kuliko sifa ya wali. Akaingia ndani. Akatoka na makopo mawili ya maziwa ya unga, kopo la siagi, boksi la biskuti na karatasi ya sabuni ya kuogea yenye picha ya mwanamke aliyefumba macho. Akavipanga mkekani kimoja kimoja, ungedhani anafungua duka.

"Masolwa huletewa zawadi na watu," alisema. "Mimi siulizi. Lakini virudi, Mama Khole. Kopo hili natilia dengu. Na hiyo karatasi naiweka kwenye nguo, inanukia."

"Vitarudi."

"Ngoja basi."

Akavikusanya akaingia navyo tena ndani, na Nunu alidhani amekwenda kuleta mfuko. Aliporudi makopo alikuwa ameyafunga kwenye kitambaa.

Nyumbani, alipokuwa akiyaosha ili yang'ae, Nunu akayapindua. Chini ya kila kopo palikuwa na mstari mwekundu, mbichi bado. Akacheka peke yake. Mkono wa Tatu ulikuwa umezoea: chochote kinachotoka mlangoni kwake sharti kipigwe alama.

"Mwalimu akikuuliza yametoka wapi," alimwambia Khole, "sema nyumbani kwetu."

"Lakini ni ya kwa Mama Tatu."

"Sema nyumbani kwetu. Baba yako atafurahi."

*

Watoto wengine walileta majivu kwenye jani. Walileta maganda ya karanga, manyoya ya kuku wa mwaka jana, na mmoja alileta jiwe akaapa kwamba kwao wanalitupa kila siku. Mwalimu Dionis alikuwa amekwisha kukata tamaa. Khole alipofungua kitambaa chake, mwalimu alishika kopo la maziwa kwa mikono miwili.

"Hizi ndizo taka," akasema. "Mnaona?"

Watoto waliona. Khole hakuwahi kutazamwa namna ile maishani mwake. Mwalimu akayaweka makopo mstari wa mbele kabisa, akawaambia watoto habari ya miembe ya njia ya misafara, kwamba wapagazi walikula embe wakatupa kokwa, na leo watu wanapumzika kivulini. Kinachotupwa hakipotei, akasema, kinasubiri. Watoto wakaimba hilo kwa pamoja. Mwalimu hakujua ni kwa kiasi gani alikuwa amesema kweli.

Siku mbili kabla ya maonyesho redio ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi wote, waficha bidhaa wote, watasakwa nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa na kitu asichoweza kukieleza atakwenda kukielezea gerezani. Mji ukashtuka. Alfajiri yake watu waliokwenda kutupa majivu walikuta shimo la mtaa limejaa: miche ya sabuni haijaguswa, jora la kitambaa, katoni ya betri, mfuko wa sukari umepasuka na sisimizi wameshaupata. Watu walisimama ukingoni, wakatazama, wakarudi na majivu yao. Hakuna aliyeinama. Watu ambao wiki ile ile walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai waliikimbia sabuni kama wamekuta nyoka.

Mwalimu Dionis angeweza kuahirisha maonyesho, lakini barua za mwaliko zilikuwa zimekwenda, na kwenye semina hawakumfundisha kuahirisha.

Masolwa alifika na kofia yake ya sherehe, nyuma yake Tobias, mkuu wa mgambo, na fimbo. Mwenyekiti alikuwa na kero yake. Kila tawi lilitakiwa kupeleka juu majina ya wahujumu, matawi mengine yalikwisha kupeleka, na yeye hakuwa na hata mmoja. Alikuwa ameanza kuulizwa. Alisimama mbali kidogo na meza, mikono nyuma, akisikiliza watoto wakieleza majivu yao, akiwajibu "Vizuri, vizuri" bila kuwatazama.

Ikafika zamu ya Khole.

"Haya ni makopo ya maziwa," alisema kwa sauti aliyoifanyia mazoezi. "Hili ni la siagi. Hii ni karatasi ya sabuni ya kuogea. Vyote vimetoka nyumbani kwetu. Tukishakunywa maziwa, kopo tunatilia dengu."

Hakuna aliyepiga makofi. Nunu alikuwa amesimama na akina mama ukutani. Alikuwa amesikia redio. Watu wote walikuwa wamesikia redio. Lakini katika kichwa chake makopo yale yalikuwa taka, na nani angefikiri kwamba mtu atakamatwa kwa taka?

"Binti," Tobias akasema kwa upole kabisa, "baba yako anafanya kazi wapi?"

"Duka la ushirika," Khole akajibu, na akanyoosha mabega, maana hilo nalo lilikuwa jambo la kujivunia.

Masolwa akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza. Uso ukamng'aa kama wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Kwamba maziwa ya namna hiyohiyo alikuwa ameyanywa na chai asubuhi ile halikumjia akilini. Yake yalikuwa zawadi, na zawadi ni kitu kingine.

*

Mgambo walipekua nyumba ya Humaidi mchana huohuo, mlango wa nakshi wazi na mtaa mzima mbele yake. Walifungua kasha kubwa la harusi la bibi yake Ghalibu, wakakuta kofia mbili na harufu ya udi. Waligonga sakafu kwa fimbo wakisikiliza kama kuna uwazi, na vijana waliokuwa nje wakarefusha shingo kila fimbo iliposhuka, wakingoja pembe za ndovu. Waliingia chumba cha nyuma wakatazama juu, wakaona mawingu.

"Unga?" Tobias akauliza.

Nunu akamwonyesha. Ulikuwa chini ya kawa, wa siku ile.

"Sabuni?"

Akamwonyesha majani ya mpapai.

Tobias hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hapendi kurudi mikono mitupu. Akaomba kuonyeshwa shimo la taka la nyumba. Akalichokora. Majivu. Akachokora tena mpaka akafika udongo, kisha akasimama akiwaza, na Nunu akaona wazo linamjia.

"Watu watatu," alisema, "wanakula, wanakunywa, na hawana taka. Haiwezekani. Taka zenu mmezificha wapi?"

"Hatuna," Ghalibu akasema.

"Shuleni mmepeleka makopo. Hapa hakuna hata kopo moja. Maana yake mmesikia tangazo mkafagia. Mtu asiye na hatia ana taka, ndugu yangu. Hata mimi ninazo."

Wakamchukua Ghalibu, wakamfungia ofisi ya tawi kungoja kikao cha Jumatatu. Baada ya kikao lori litakuja kuchukua watuhumiwa wa mji mzima, na waliokwisha kupanda lori lile hakuna aliyekuwa amerudi hata kusalimia. Alipotolewa mlangoni alikuwa peku. Nunu akamkimbilia na viatu. Ghalibu akavipokea, akavikung'uta, akavaa.

"Mama," Khole akauliza baadaye, "nilisema vibaya?"

"Ulisema nilivyokwambia."

"Basi mbona?"

Nunu alimvuta akamkumbatia. Alijichukia siku ile, na hasira yake hakuwa na mahali pa kuiweka, maana kila alipotafuta mkosaji alikutana na yeye mwenyewe ameshika kitambaa chenye makopo.

*

Tatu alikuja kesho yake baada ya adhuhuri, akapitia uani. Hakukaa kwenye mkeka, alibaki amesimama akifunga na kufungua ncha ya khanga.

"Makopo yangu yako wapi?"

Nunu alidhani hakusikia vizuri. "Mume wangu amefungwa, Mama Tatu."

"Najua. Nakuuliza makopo."

"Yamo kabatini kwa mwalimu. Tobias ametia kufuli yake."

Tatu akakaa sasa, chini, bila kuangalia anakalia nini. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alizungumza bila kicheko. Maneno yake yalikuwa mabaya.

"Ukinitaja kesho nitasema uliyaiba. Nani atakuamini wewe? Mimi mke wa mwenyekiti, wewe mke wa mlanguzi."

"Si mlanguzi."

"Mimi najua. Wao hawajui." Sauti ikamshuka. "Nitakuletea sukari, Mama Khole. Hata akienda, mtoto hatalala njaa. Mimi pia nina mume. Wakimpandisha yeye kwenye lori, nani atanitazama mimi?"

Nunu alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha. Mwanamke huyu alikuwa amempa vitu vyake kwa kicheko, bila hila. Lakini kwa nini alianza na makopo? Kama ni suala la neno la nani litaaminiwa, Tatu alikuwa amekwisha kushinda kabla ya kukaa. Makopo ya nini?

Kisha akakumbuka mstari mwekundu.

"Sukari yako sitaki," akasema. "Na jina lako sitalitaja. Nakuahidi."

Tatu alimtazama kwa wasiwasi mkubwa zaidi kuliko aliokuja nao.

*

Kikao kilifanyika darasa la pili, kwa kuwa vielelezo vilikuwa kule. Wajumbe wa kamati walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Akina mama walijaa madirishani. Tatu alikuwa nao, kwa nyuma. Ubaoni bado palikuwa pameandikwa "Taka Zetu, Mali Yetu", na Mwalimu Dionis alisimama kando yake kama ndiye mshitakiwa.

Masolwa alisoma shitaka. Alisoma vizuri, na alipofika kwenye "kunyonya jasho la wakulima" alinyanyua kidole. Kisha akamwuliza Ghalibu maziwa aliyanunua wapi.

Ghalibu akanyamaza. Alikuwa na jibu jepesi, na Nunu alilijua: hatujawahi kuyanunua, hatuna uwezo, tunakula ugali na mlenda, mke wangu anafua kwa majani. Alitakiwa kusema hivyo tu. Aliwatazama watu wa mtaa wake madirishani, wale waliokuwa wakiamini pembe za ndovu, akafungua mdomo, akaufunga. Angeweza kupanda lori. Hilo la kusema hakuliweza.

"Amekiri kwa kunyamaza," Masolwa akasema. "Andikeni."

"Mwenyekiti, naomba nafasi," Nunu akasema.

Alisogea mbele.

"Mume wangu ameona haya, basi nitasema mimi. Nyumbani kwetu hatujaonja maziwa tangu Khole aachishwe ziwa. Gaguro alilovaa mtoto huyu ni gunia. Mgambo wameona paa. Tobias ameona shimo letu, akasema ni ajabu watu kukosa taka. Si ajabu. Tulikosa, na tuliona aibu kukosa, ndipo nikaenda kuazima. Aibu ndiyo iliyotuleta hapa. Mume wangu hajawahi kuja hata na uzi wa gunia."

Dirishani hakuna aliyecheka. Ghalibu alikuwa ameinamisha kichwa, na Nunu alijua kwamba alichomfanyia sasa hivi hatamsamehe upesi.

"Uliazima kwa nani?" Masolwa akauliza.

"Nimeahidi kutomtaja."

"Hah. Basi huna shahidi."

"Sina. Ninaomba kitu kimoja tu. Makopo haya yanatajwa tangu asubuhi, na mwenyekiti hajayashika. Ayashike mwenyewe, ayatazame vizuri. Akishayatazama, atakaloamua nitalikubali."

Ombi lilikuwa dogo, na Masolwa alipenda kuonekana mwenye haki. Akaletewa kopo la kwanza. Akalitazama mbele, akasoma maandishi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha, kwa kuwa mtu akishika kopo huishia kulipindua, akalipindua.

Mstari ule aliuona kila siku ya maisha yake ya ndoa. Ulikuwa chini ya sahani aliyolia, chini ya bakuli la mchuzi, chini ya birika lililoleta chai ya asubuhi ile. Akaleta kopo karibu na macho. Akachukua la pili, akapindua. Akachukua la siagi. Madirishani mwanamke mmoja akakohoa, mwingine akadakia, kikohozi kikazunguka darasa zima. Wanaume wa kamati hawakuelewa kwa nini wake zao wamepatwa na mafua kwa mpigo. Masolwa hakugeuka kutazama nyuma. Aliliweka kopo mezani taratibu, kitako chini, akafuta kipaji kwa kofia ya sherehe.

"Ndugu wajumbe," alisema. Akaivaa kofia yake, akaanza tena. "Ndugu wajumbe, tusikurupuke. Kopo ni nini? Kopo ni taka. Maagizo tuliyopewa yanahusu bidhaa. Hayahusu taka."

"Lakini mwenyekiti," Tobias akasema, "mwenyewe hajajulikana."

"Taka haina mwenyewe, Tobias. Kaa chini."

Kisha, kama afanyavyo mtu aliyeponea chupuchupu, akazidisha. Alisema nyumba ya Ghalibu imepekuliwa mpaka udongoni na haikukutwa na hata ganda. Je, si hiyo ndiyo nyumba inayojitegemea? Si hicho ndicho mwalimu anachokifundisha? Alisema badala ya kuwashitaki watu hawa tawi lingepaswa kuwapongeza, na papo hapo akapendekeza waitwe kaya ya mfano. Wajumbe, waliokuwa na ganzi ya miguu, wakaafiki wote. Makopo yakaamriwa kuzikwa nyuma ya shule. Ghalibu akaambiwa aende nyumbani.

Lori lilipita jioni likachukua watu wa mitaa mingine.

*

Kaya ya mfano hupewa zawadi, na baada ya kuvuta kamba sana zawadi ikapatikana. Ilikuwa pipa la taka, jipya, la bati nene, lenye mfuniko, limeandikwa TAKA kwa rangi nyeupe. Mwenyekiti alilikabidhi mwenyewe, akamshika Ghalibu mkono huku akitazama bega lake. Nunu aliligeuza maandishi yakaelekea ukutani, akalijaza maji. Kwa mji usio na maji ya bomba siku nne kwa wiki hakujawahi kutolewa zawadi ya maana kama ile.

Tatu hakuja tena kwake, wala Nunu hakwenda kuazima kinu. Kwenye harusi iliyofuata sufuria kubwa za mke wa mwenyekiti zilikuja zimekwanguliwa vitako, hazina alama, na mbili hazikurudi. Ghalibu naye alikaa karibu mwezi bila kumsemesha mkewe zaidi ya yanayohusu chakula. Vijana waliacha kuzungumza habari ya pembe za ndovu. Walikuwa wameona ndani kwake, na sasa walimwamkia kwa upole mpya ambao ulimchoma kila asubuhi akienda kazini.

Mwalimu Dionis alimalizia somo lake kwa maswali, kama semina ilivyoelekeza. Siku hiyo Khole alirudi nyumbani amenuna. Nunu alikuwa amefunua pipa anachota maji.

"Nimekosa swali, mama."

"Swali gani?"

"Mwalimu aliuliza taka ni nini. Ilitakiwa useme ni mali iliyokosa matumizi. Wenzangu wote wamepata."

"Wewe ulisemaje?"

"Nilisema taka ni kitu ambacho mwenyewe akikiona anasema si chake."

Mlangoni Ghalibu alikuwa akivikung'uta viatu vyake, na Nunu akasikia mkung'uto umekatika. Aligeuka. Mumewe alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, anamtazama mtoto, kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao hakuyahamisha macho.

"Na mwalimu akasemaje?" Ghalibu akauliza.

"Alitazama dirishani, halafu akanitilia mkasi wa kukosa."

Nunu akaitua kata ya maji juu ya mfuniko.

"Ukubali mkasi huo, mwanangu," alisema. "Na mtu mwingine akikuuliza, mpe jibu la mwalimu."